Kuovakloki Bila Kuangusha Kadi: Mwongozo Kamili kwa Mashine za Lamu na Malindi

Skrini inazima sekunde mbili tatu, inarudi, kisha unatokea ujumbe kwamba draiva ya picha iliacha kujibu. Au kadi ya sauti inakwaruza kila unapofungua faili kubwa. Au kadi ya kunasia video inapotea kabisa mpaka uwashe mashine, yaani kompyuta, upya. Mwenye mashine anaichomoa kadi na kuipeleka kwa fundi, fundi anaijaribu kwenye mashine yake, na inafanya kazi kutwa nzima bila kulalamika. Ikirudi nyumbani, mambo ni yale yale.

Kabla hujatoa pesa ya kadi nyingine, uliza kwanza kama mashine hiyo imepandishwa kasi. Ikiwa imepandishwa, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kadi ndiyo inayopiga kelele tu, na kosa liko kwingine. Ovakloki, yaani huko kupandisha kasi kupita ile ya kiwandani, huifikia kadi kwa njia tatu: mapigo, umeme na joto. Kwa pwani yetu ongeza ya nne, chumvi, ambayo haitokani na ovakloki lakini huzidisha makali ya zile tatu.

Mapigo: ngoma moja, safu nzima

Kwenye mazabodi, ubao mkuu wa mashine, kuna kloki ya msingi inayopiga megahezi 100; BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, huiita BCLK. Prosesa huizidisha hiyo: kizidishi cha 42 kinakupa megahezi 4,200. Sloti za PCI Express, matundu zinamochomekwa kadi, nazo zinaendeshwa na kloki ya megahezi 100. Anayelijua goma la Lamu ataelewa upesi: safu nzima ya wanaume wenye bakora inafuata ngoma moja. Kupandisha kizidishi ni kumwambia mchezaji mmoja apige hatua nyingi zaidi ndani ya pigo lile lile. Kupandisha BCLK ni kumharakisha mpiga ngoma mwenyewe, na hapo safu yote italazimika kukimbia, hata mzee aliye mwisho.

Mzee huyo ndiye kadi yako. Kanuni za PCI Express zinaruhusu kloki ya megahezi 100 iyumbe kwa sehemu 300 tu katika milioni, yaani megahezi 0.03. Ukiweka BCLK 105 kwenye mashine ambayo kloki hizo mbili zimefungwa pamoja, umeivuka ruhusa hiyo zaidi ya mara 160. Kadi nyingi zitavumilia kidogo, kwa kuwa kadi na mazabodi zinasikia ngoma moja, lakini zimeundwa kwa 100 na hakuna aliyekuahidi zaidi.

Jambo hili ni la zamani. Enzi za sloti za PCI za megahezi 33, kasi ya sloti ilipatikana kwa kuigawa kloki ya prosesa: 133 gawanya kwa 4 ni 33. Ukipandisha hadi 150, sloti inakwenda 37.5, na AGP, sloti ya kadi ya picha ya enzi hizo, iliyokuwa 66 inafika 75. Kadi za sauti na za mtandao zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuanguka. Baadaye mazabodi zikaanza kuifunga kloki ya sloti peke yake. Mwaka 2011 Intel, kwa prosesa za Sandy Bridge, ikarudisha karibu kila kitu kwenye kloki moja, ndiyo maana mashine za kizazi hicho hazivuki megahezi 103 hadi 105 bila diski au kadi kupotea. Skylake ya mwaka 2015 ikaitenganisha tena kloki ya sloti.

Kwa hiyo: BCLK iache 100. Ukiona BIOS imeandika 99.8, iache vilevile, haina dhara. Kuisukuma ili tu tarakimu ipendeze ni kazi ya bure.

Kuna kitu kinachowachanganya wengi hapa. PCI Express haianguki mara moja inapokosea. Kila pakiti ina hesabu ya ukaguzi. Upande wa pili ukiona hesabu haikubali, unaomba itumwe tena. Hivyo sloti inaweza kuwa inakosea mara mia kwa dakika na wewe huoni lolote ila mashine imekuwa nzito kidogo. Kuzima skrini huja baadaye. Makosa hayo ya kimyakimya yanaandikwa mahali, na tutafika huko.

Umeme: kasi asilimia kumi, mzigo theluthi

Umeme unaoliwa na chipu hupanda sawia na kasi, na kwa mraba wa volti. Toa prosesa gigahezi 4.0 kwa volti 1.20, ipeleke 4.4 kwa volti 1.32. Zote mbili zimepanda asilimia 10, lakini mzigo umepanda 1.1 × 1.1 × 1.1, yaani karibu asilimia 33. Prosesa iliyokuwa ikila wati 90 sasa inadai 120, kutoka pawasaplai ile ile inayolisha kadi.

Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu, na kati ya hizo wati 66 ndizo za waya wa volti 12. Kiungo cha pini 6 huongeza wati 75, cha pini 8 wati 150. Kadi isiyo na kiungo cha juu, mfano GTX 1650 za aina hiyo, inaishi kwa sloti peke yake; ukiiovakloki huna akiba yoyote. Mwaka 2016 AMD ililazimika kutoa draiva mpya baada ya kadi ya RX 480 kupimwa ikivuta zaidi ya kiwango kutoka kwenye sloti, na hiyo ilikuwa kabla mnunuzi hajagusa kitu.

Pima, usikisie. Tafuta plagi ya Molex iliyo wazi, weka mita kwenye waya wa njano na mweusi, kisha ielemee mashine. Kiwango cha ATX, kanuni za pawasaplai, ni kati ya volti 11.40 na 12.60. Ikishuka chini ya 11.6 chini ya mzigo, sisi tungesimamisha ovakloki papo hapo hata kama kiwango kinaruhusu. Tarakimu za volti 12 zinazoonyeshwa na programu usiziamini sana.

UPS nayo ni mtego. Nyingi za VA 650 zinabeba kati ya wati 325 na 390. Mashine ya wati 280 iliyopandishwa hadi 380 pamoja na skrini mbili itaizima UPS umeme ukikatika, yaani wakati ule ule uliyoinunulia. Usiiovakloki mashine inayoendeshwa na jenereta ndogo isiyo na kidhibiti cha volti.

Joto: jaribio la usiku wa kusi si jaribio

Feni haiwezi kuipoza kadi chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kuweka pengo, na pengo hilo kwa mzigo ule ule halibadiliki sana. Kadi iliyopimwa nyuzi 74 alfajiri, chumba kikiwa 24, itafika 83 adhuhuri ya kaskazi chumba kikiwa 33. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujipunguza kasi karibu na hapo. Aliyeweka mipangilio yake mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiingia dirishani, akifika Februari anashangaa kadi imeharibika nini. Haijaharibika. Ilipimwa msimu usiofaa.

Na prosesa huipa kadi joto lake. Kwenye kesi ndogo, wati 30 za ziada za prosesa zinapuliziwa mgongoni mwa kadi. Ndiyo sababu kadi inapita jaribio lake peke yake, prosesa inapita lake, kisha zote mbili zinaanguka pamoja dakika ya arobaini ya kutoa video ya harusi.

Kwanza jua kama mashine yako inakubali

Mashine za mtumba za ofisini, zile za HP na Dell zinazouzwa kila mahali, BIOS yake imefungwa, kizidishi hutakigusa. Prosesa za Intel zisizo na herufi K zimefungwa pia, na hata zenye K zinahitaji mazabodi ya chipseti (chipu kuu ya mazabodi) ya Z. Ryzen nyingi, prosesa za AMD, ziko wazi kwenye chipseti za B na X, siyo A320. Kwenye mashine ya ofisini unachoweza kupandisha ni kadi ya grafiki tu, na pawasaplai zake mara nyingi ni za wati 180 hadi 300 zenye plagi za kipekee. Hapo ushauri wetu ni mfupi: acha.

Hatua ya 1: safisha miguu ya dhahabu

Gongoni wanavuna chumvi kwa vidimbwi. Sisi wengine tunaivuna ndani ya sloti bila kutaka. Nyumba iliyo karibu na bahari, madirisha wazi, hewa inaingia na unyevu wenye chumvi, unatua kwenye viunganishi, na mguso uliokuwa mzuri unaanza kukatikakatika. Mashine ya kasi ya kawaida inaweza kuuvumilia mguso mbovu. Iliyopandishwa haivumilii.

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Fungua skrubu ya kadi, bana kishikio cha mwisho wa sloti, vuta kadi moja kwa moja juu. Igeuze kwenye mwanga, uutazame ukingo wa dhahabu kwa pembe. Dhahabu nzuri inang'aa sawasawa; ukiona ukungu mweupe ni chumvi, ukiona vidoa vya kijani shaba ya chini imeanza kuliwa. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pangusa kutoka ndani kwenda nje, kufuata urefu wa miguu, usipanguse kwa kukata. Pande zote mbili. Subiri dakika 5 ikauke.

Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, kwani aina nyingi zimechanganywa na mafuta yanayobaki kwenye dhahabu. Raba ya shuleni inakwangua dhahabu yenyewe: itafanya kazi leo, na miezi sita baadaye kutu itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Sloti ipulizie kwa bloa ikiwa imekauka, usimiminie kitu. Kadi ikirudi, isukume mpaka kishikio kilie, kisha ukaze skrubu. Kadi ndefu inayoning'inia iegemeze.

Hatua ya 2: rudisha kila kitu kiwandani

Ingia BIOS, chagua mipangilio ya asili, zima XMP au EXPO, mipangilio ya kasi ya juu ya ramu. Ndiyo, XMP nayo ni ovakloki, ingawa wengi hawaihesabu. Kadi iweke sufuri kwenye programu ya MSI Afterburner. BIOS ikikataa kufunguka, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5.

Fanya kazi hivyo siku mbili. Tatizo likibaki, halitokani na ovakloki: angalia waya wa umeme wa kadi, draiva, waya wa skrini. Usiendelee na mwongozo huu mpaka mashine itulie ikiwa ya kawaida. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa pesa kuliko zote.

Hatua ya 3: fungua daftari la makosa

Kwenye Windows fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, uchuje kwa jina WHEA-Logger, sehemu ya Windows inayoandika makosa ya vifaa. Namba 17 ni kosa la PCI Express lililosahihishwa: sloti inakosea na kurudia, bila kuanguka bado. Namba 19 ni kosa la prosesa au njia zake za ndani lililosahihishwa. Namba 18 halikusahihishika, na mashine ilizima. Chuja tena kwa Display namba 4101: hapo draiva ya picha ilikaa zaidi ya sekunde 2 bila kujibu, Windows ikaiwasha upya. Kwenye Linux, dmesg itaandika PCIe Bus Error.

Programu ya HWiNFO ina mstari wa WHEA unaohesabu hapo hapo. Uache wazi muda wote wa kazi hii. Lengo letu ni sufuri kwa saa nzima. Kumi kwa saa si sufuri, hata kama mchezo unakwenda vizuri.

Tazama pia programu ya GPU-Z, mstari wa Bus Interface. Kadi ikiwa imepumzika itaonyesha kasi ya chini, 1.1, nayo ni kawaida ya kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni, washa jaribio, kisha usome. Kadi ya x16 4.0 (njia 16, kizazi cha 4) ikibaki x8 au 3.0 chini ya mzigo, kwenye sloti iliyoweza zaidi, mguso au waya wa kurefusha sloti una walakini. Waya wa kurefusha uliotengenezwa kwa kizazi cha 3 utatoa namba 17 nyingi ukiusukuma kizazi cha 4. Funga sloti kwenye Gen3 katika BIOS. Kadi nyingi hutaona tofauti. RX 6500 XT ni mojawapo ya zitakazoumia, maana ina njia 4 tu.

Hatua ya 4: prosesa peke yake

Panda kizidishi kimoja kimoja. Kila hatua, endesha programu ya majaribio ya Prime95, chaguo la Small FFTs, dakika 20. Ukifika unapotaka, saa 1. Joto lisivuke nyuzi 85 kwa chumba cha mchana. Ukiona namba 19, shusha kizidishi kabla ya kufikiria volti.

Hatua ya 5: ramu, mahali wanapojikwaa wengi

Kidhibiti cha ramu na kidhibiti cha sloti ni majirani wa ukuta mmoja. Kwenye Ryzen za mazabodi ya AM4 zilizoundwa kwa vipande kadhaa vya chipu, vyote viko kwenye kipande kimoja, na vinaunganishwa na mioyo ya prosesa kwa njia inayoitwa Infinity Fabric, BIOS huiandika FCLK. Ramu ya 3600 inaendana na FCLK 1800. Ya 3800 inataka 1900, na hapo vipande vingi vinashindwa. Dalili zake hazifanani kabisa na za ramu: sauti inakwaruza, vifaa vya USB vinakatika, kadi ya kunasia video inapotea, na namba 19 inajaa. Mtu atabadilisha kadi ya sauti mara mbili kabla ya kuigusa FCLK.

Washa XMP. Endesha jaribio la ramu la MemTest86 mizunguko 4. Kwa GB 16 ni kazi ya saa kadhaa, iache usiku. Kosa moja ni kosa. Kwenye AM4, FCLK iwe nusu ya namba ya ramu, isivuke 1800 mpaka uwe na sababu. Volti ya SOC, inayolisha vidhibiti hivyo, ikiwa 1.1 inatosha kwa AM4 ya kila siku.

Kisha jaribu faili, kwa kuwa ramu mbovu huandika uongo kwenye diski bila kukuambia. Nakili faili la GB 20 kutoka diski moja hadi nyingine, uendeshe kwenye Command Prompt amri certutil -hashfile jina SHA256 kwa yote mawili. Mistari ikitofautiana hata herufi moja, zima XMP leo hii, kabla hujapoteza kazi ya mteja.

Hatua ya 6: kadi ya grafiki mwisho

Kasi ya kadi ipande kwa megahezi 15, ramu yake kwa 50. Kimoja kwa wakati, dakika 15 za jaribio la picha la Unigine Heaven kila mara. Chipu ikizidiwa, draiva inaanguka au skrini inakuwa nyeusi. Ramu ya kadi ikizidiwa, utaona vinyota na vibanda vya rangi. Ila GDDR5 na GDDR6, aina za ramu za kadi, zina ujanja ule ule wa sloti: zinagundua kosa njiani na kurudia, kwa hiyo alama zako za jaribio zinaanza kushuka muda mrefu kabla ya vinyota. Andika alama kila hatua. Ukiongeza 50 na alama zikashuka, rudi 100, siyo 50.

Hatua ya 7: vyote pamoja, adhuhuri

Programu ya OCCT ina jaribio la Power linaloelemea prosesa na kadi kwa wakati mmoja. Liendeshe saa 1 kati ya saa sita na saa tisa mchana, mlango wa kesi umefungwa, feni ya chumba imezimwa. Kisha fanya kazi yako halisi: toa video ya saa moja, rekodi sauti, nasa kamera. WHEA ikibaki sufuri, umefika. Ikiwa na namba 17 peke yake, rudi kwenye BCLK na mguso wa sloti. Namba 19 ni FCLK, ramu au prosesa. 4101 bila WHEA yoyote ni kadi yenyewe, ishushe megahezi 30. Mashine ikizima ghafla kama iliyochomolewa, bila WHEA wala 4101 daftarini, shuku pawasaplai.

Ukipata mpaka, usikae mpakani. Shusha kizidishi kimoja kwenye prosesa, megahezi 30 kwenye kadi, 100 kwenye ramu yake. Kama jaribio lako limefanyika kipindi cha kusi, shusha mara mbili ya hapo, urudie mwezi wa Januari.

Mwisho, andika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi: kizidishi, volti, FCLK, nyongeza za kadi, joto la chumba na tarehe ya jaribio. Kibandike ndani ya mlango wa kesi, mahali feni haitakivuta, ili fundi atakayeifungua siku moja ajue alichokuta.